Usingizi wa Mzee Baada ya Chakula: Ni Kosa au Ni Udhuru?

Ndugu yetu mmoja katika wanafunzi wa darsa alituuliza suala ambalo kwa dhahiri yake ni jambo dogo, wala sikudhani siku ile kwamba litanichukua mwezi mzima kulifikiri. Aliuliza hivi: mtu mzima aliyepita miaka sabini, ambaye kila alapo chakula cha mchana hushikwa na usingizi hata akasinzia mbele ya watu, barazani au msikitini katikati ya darsa, je, huo ni uvivu ambao yapasa alaumiwe, au ni udhuru ambao yapasa astahiwe?

Nilimjibu papo hapo, na jibu langu lilikuwa baya. Nilisema kwamba usingizi wa baada ya chakula ni mtoto wa shibe, na shibe ni jambo la mtu kujitakia, na aliyejitakia hana wa kumlaumu. Watu wakacheka kidogo. Na penye nguzo ya pili alikuwapo, ameegemea, mzee wetu mmoja mwenye miaka 74, ambaye ndiye aliyekuwa akikusudiwa na suala lile, na kila aliyekuwapo alijua. Wakati ule alikuwa macho, akayasikia yote. Kisha kijana mmoja akaongeza la kwake, akamwambia waziwazi, "Mzee, nenda katawadhe tena, udhu wako umeshavunjika." Yule mzee akainuka, akatoka kuelekea birikani pasi na kusema neno. Jumamosi ya pili hakuja. Wala ya tatu.

Basi naandika haya kwanza kwa ajili ya kulisahihisha jibu langu, kwa kuwa nililisema mbele ya watu, na haitoshi kulirudisha kwa kunong'ona.

Naanza na lile jepesi, nalo ni la udhu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, usingizi wa mtu aliyekaa, na makalio yake yamethibiti pale alipokaa, hauvunji udhu, hata akiwa ameegemea nguzo. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba masahaba walikuwa wakiingoja sala ya isha hata vichwa vyao vikawa vyainama kwa usingizi, kisha wakasimama wakasali wala wasitawadhe. Mwenye kutawadha tena kwa ihtiyati amefanya vyema, lakini hiyo ni hiari yake mwenyewe, si amri ya kutolewa na kijana mbele ya halaiki. Yule kijana alikosea kwa kutojua. Mimi nilinyamaza nami najua.

Ama lile zito, yataka tulitazame kwa utulivu.

Sisi tunapomlaumu mtu husema "amelala" kama tusemavyo "ameiba" au "amesema uongo", kana kwamba kulala ni kitendo alichokinyoshea mkono. Lakini sikilizeni lugha yetu wenyewe isemavyo. Husema usingizi umemchukua, umemshika, umempitia, umemzidi. Katika maneno yote haya mtendaji ni usingizi, na mtu ndiye mtendwa. Wazee waliotuachia lugha hii walikwisha kulipima jambo hili kabla yetu. Na sheria nayo imelipima hivyo hivyo, kwani ni katika hadithi mashuhuri kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke.

Kiko kisa ambacho kila mara nikisoma hustaajabu. Katika safari ya kurudi kutoka Khaibar, nayo ilikuwa mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628 kwa hesabu ya Kizungu, Mtume (S.A.W.) na jeshi lake walipiga kambi usiku wakiwa wamechoka sana, na Bilal akapewa kazi ya kukesha ili awaamshe kwa sala ya alfajiri. Bilal akasali kadiri alivyojaaliwa, kisha ilipokaribia alfajiri akaegemea ngamia wake akiwa ameelekea upande wa mapambazuko, na macho yake yakamshinda. Hakuna aliyeamka mpaka jua lilipowapiga. Tazameni, huyu si mzee aliyesinzia darsani tu. Huyu ni mlinzi aliyepewa amana ya sala ya jeshi zima, na amana ikampita. Alipoulizwa, udhuru wake ulikuwa kwamba lile lililoishika nafsi ya Mtume ndilo lililoishika na yake. Wala hatukupokea kwamba alikaripiwa. Waliondoka mahali pale, wakatawadha, wakasali.

Na katika mapokezi ya Abu Qatada, katika kisa cha namna hii hii, limo neno ambalo naliona ndiyo ufunguo wa suala letu: kwamba katika usingizi hamna uzembe, bali uzembe huwa katika hali ya kuwa macho. Basi mwenye kutaka kumhukumu aliyelala asimtafute usingizini, kwani hayumo. Amtafute kule alikokuwa macho, aangalie alifanya nini, alijua nini, na angeweza nini.

Hapo ndipo mwenye kulaumu atakaponishika kanzu aniambie: "Naam, Maalim, na alipokuwa macho ndipo alipokula." Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuikimbia. Mafakihi wetu hawamwachilii mlevi kwa kuwa akili yake haikuwapo, kwa sababu yeye ndiye aliyeifukuza. Kwa nini basi tumwachilie mwenye kula sahani ya wali, naye ajua kwamba wali utamlaza?

Jawabu la kwanza ni kwamba ulevi ni haramu tangu kwenye mlango wake, na chakula ni halali. Lakini jawabu hilo halinitoshi, maana hata halali ikipita kiasi hukemewa. Jawabu lenye uzito kwangu ni jengine. Chukueni sinia moja la wali wa nazi na samaki, likalie baba mwenye miaka 74 na mwanawe mwenye miaka 30, wale sawasawa, tonge kwa tonge. Mwana atanawa mikono, atakunywa kahawa, atarudi dukani kwake. Baba atasinzia hata kabla ya sinia kuondolewa. Kitendo ni kimoja, chakula ni kimoja, wakati ni mmoja. Kilichotofautiana ni mwili. Basi tukimlaumu baba tukamwacha mwana, hatumlaumu kwa kula, kwa kuwa wote wamekula. Twamlaumu kwa uzee, nao si amali ya mtu. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Rum kwamba alituumba katika udhaifu, kisha akajaalia nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Mvi hatumlaumu mtu. Kwa nini tumlaumu kwa kile kilichokuja pamoja nayo?

Na mabadiliko hayo ya mwili leo yajulikana kwa vipimo. Mtu anapokula, damu nyingi huelekea tumboni na kwenye utumbo kusaidia kusaga chakula. Kwa kijana, moyo huongeza mapigo, na mishipa ya sehemu nyengine za mwili hujikaza, presha ya damu ikabaki karibu na pale ilipokuwa. Kwa mtu mzima uangalizi huo hulegea. Damu huenda tumboni, na moyo na mishipa havikimbilii kuziba pengo, presha ikashuka. Madaktari huhesabu kwamba imeshuka kupita kiasi ikiwa ile namba ya juu imepungua kwa 20 au zaidi katika muda wa saa 2 baada ya kula. Mwenye hali hiyo aweza kusinzia, au kuona kizunguzungu, au macho kumwingia giza, na mwengine huanguka. Huwapata zaidi wenye presha ya kupanda, wenye maradhi ya sukari, na wenye yale maradhi ya kutetemeka mikono yaitwayo Parkinson, na hushuka zaidi kwa chakula kingi chenye wanga na utamu: wali, mikate, viazi, na halua juu yake.

Hilo ni moja. La pili ni kwamba mwili wa binadamu una saa yake wenyewe, na kati ya saa 7 na saa 9 za mchana uchangamfu hupungua hata kwa mtu ambaye hakula kitu. Ndiyo maana mabara mengi yenye jua kali watu wake hujinyosha wakati huo, na Qurani yenyewe katika Sura ya Nur imeutaja wakati wa adhuhuri kuwa ni wakati ambao watu huvua nguo zao wakapumzika. La tatu ni usiku. Kadiri mtu anavyokua, ule usingizi mzito wa usiku hupungua, huwa mwepesi, huvunjika mara kwa mara, na haja ndogo humwamsha. Deni la usiku hulipwa mchana, na mwenye kudai huja saa ile ile mwili ulipolegea na tumbo lilipojaa.

Sasa niwaeleze nilivyoyajua haya, maana sikuyajua kwa kusoma kwanza. Baada ya Jumamosi ya tatu nilikwenda kumtazama yule mzee nyumbani kwake. Ni mtu ninayemwita ami tangu utotoni. Nilimkuta barazani, kikoi chake kimefungwa vizuri na msahafu uko juu ya mto, naye ametoka hospitali siku ya juzi yake. Akanionyesha kijikaratasi walichomwandikia. Kabla ya kula, presha yake namba ya juu ilikuwa 138. Saa moja baada ya chakula ilikuwa 109.

"Na siku ile, Ami?" nikamwuliza.

"Siku ile nilipofika birikani dunia ilizunguka," akasema. "Nikashika ukuta. Nilikaa chini kitambo, ndipo nikaweza kurudi nyumbani."

Ndugu zangu, nililirudia jambo hili moyoni usiku kucha. Sisi tulimchukua mtu ambaye damu yake imeshuka, tukamwinua ghafula kwa haya, tukampeleka kuinama juu ya maji katika sakafu iliyorowa. Lau angalianguka akavunjika nyonga, na twajua wazee wangapi wamelazwa kwa nyonga wasiinuke tena, ni nani kati yetu angalilibeba jambo lile? Mwulizaji? Kijana? Au mimi niliyewachekesha watu?

Kisha nikamwuliza habari za ulaji wake, kwa kuwa bado nilikuwa na lile jibu langu baya mkononi. Akaniambia hula nusu ya alichokuwa akila miaka 10 iliyopita. Nikamwuliza usiku wake. Akasema huamka mara nne, na katika hizo, moja hukaa asilale tena, akasali rakaa zake alizojaaliwa mpaka adhana ya alfajiri. Basi sisi tuliomcheka mchana, katika saa alizokuwa amesimama yeye tulikuwa tumejifunika shuka. Imamu Ghazali katika Ihya ameilinganisha kailula kwa mwenye kusimama usiku na daku kwa mwenye kufunga: kila moja ni msaada wa ibada inayoifuata. Kitabu hicho nimekisomesha. Sijui kwa nini sikukikumbuka pale nguzoni.

Hata hivyo, asije msomaji akadhani nimegeuka kutoka upande mmoja hadi ukomo wa upande wa pili, nikasema kwamba mzee hana lawama kwa lolote. Nimesema aliyelala atafutwe alikokuwa macho, na neno hilo lakata pande zote mbili. Mtu ambaye hajaijua hali ya mwili wake ana udhuru. Akishaijua, ilimu yake yawa ni mzigo juu yake. Mzee ajuaye kwamba saa moja baada ya kula macho yake humshinda, kisha akashika usukani wa gari akawachukua wajukuu kutoka madrasa, huyo akisinzia njiani hawezi kusema usingizi ulimchukua. Usingizi ulimchukua usukanini, lakini usukani aliushika akiwa macho. Kadhalika aliyeachiwa mtoto mchanga, au jiko linalowaka, au funguo za duka la watu. Aseme mapema, "Saa hii mimi sifai, nipeni saa nyengine." Kusema hivyo si aibu. Aibu niionayo mimi ni ile ya watu wanaomfanya mzee aogope kusema.

Na liko jambo jengine ambalo udhuru haulifuniki, nalo ni kuyanyamazia maradhi. Si kila usingizi wa mzee ni uzee. Ukija ghafula kwa mtu ambaye hakuwa nao, au ukiongezeka mwezi kwa mwezi, au ukaja pamoja na kiu, kukojoa sana na kukonda, huenda ni maradhi ya sukari. Mwenye kukoroma sana usiku, pumzi ikakatika kisha ikarudi kwa kishindo, huenda hapati usingizi wa kweli hata akilala saa 9. Na dawa zenyewe, za presha, za mafua, za mzio, za kutuliza maumivu, baadhi yake hulaza. Haya yote yana watu wake wa kuyapima. Mzee akianza kusinziasinzia tusianze na "amehusudiwa" au "ana kitu", tukamnywesha kombe na kumchinjia jogoo, ilhali mkanda wa kupimia presha uko mwendo wa dakika 10 kutoka nyumbani. Wala asiache dawa zake kwa rai yake mwenyewe kwa kuwa zamlaza. Amweleze daktari, naye huenda akambadilishia saa ya kuzimeza au kipimo chake.

Ami aliambiwa mambo mepesi, nami nayanakili kwa kuwa yamemfaa: kula kidogo kidogo mara nyingi badala ya mlo mmoja mkubwa, kupunguza wali na kuongeza samaki na kunde, kunywa maji kabla ya kula (ila mwenye maradhi ya moyo au figo aulize kwanza), na akishakula asiinuke kwa pupa. Akae, achezeshe miguu, kisha asimame akishika kitu. Akitaka kulala, alale mapema mchana, kama nusu saa, si mpaka alasiri imkute, kwa sababu usingizi mrefu wa mchana huiba wa usiku. Hapa nami nina tahadhari yangu. Nimesikia watu wakiwasomea wazee hadithi ya theluthi tatu, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, kama wawasomeavyo vijana wenye vitambi, mpaka mzee aliyekwisha konda akaona kula ni dhambi. Hadithi ile ni ya kuzuia kujaza tumbo, na kujaza tumbo kwa mzee si kwa kijana. Mzee anayekonda yataka ale, na ale vyakula vya nguvu, ila kwa mafungu.

Na kama twautafuta uzembe kwa walio macho, basi tusimtazame mzee peke yake, maana katika nyumba ile yeye ndiye aliyelala, na sisi wengine wote tu macho. Ni nani aliyempakulia? Twajua chakula cha Ijumaa katika miji yetu kilivyo. Masahaba, kama alivyosimulia Sahl bin Saad, walikuwa wakila chakula chao cha mchana na kupumzika kailula baada ya sala ya Ijumaa, na chakula chao twajua kilikuwa na ukali gani. Sisi twaleta biriani, na sambusa mbele yake, na embe nyuma yake, na kila mzee akiinua mkono twamwapia: "Wallahi, hujala kitu, ongeza!" Akikataa, mwenye nyumba huona amedharauliwa. Kisha akisinzia twakonyezana. Huku ni kumtilia mtu mzigo juu ya kichwa halafu kumcheka kwa kuinama. Nami naungama kwamba viapo hivi nimeviapa mwenyewe, tena kwa wageni wenye umri wa baba yangu.

Lakini hilo ni dogo mbele ya jambo jengine ambalo limetufikia zaidi ya mara moja, na sitaja nyumba wala mtaa. Ni kwamba wapo wanaoijua saa ile ya mzee vizuri zaidi ya ajijuavyo mwenyewe. Asubuhi mzee huyo ni mkali, husoma kila harufi, huuliza mipaka na mashahidi. Baada ya chakula huwa laini. Basi karatasi ya hisa yake katika nyumba ya urithi huletwa saa nane na nusu, sinia limekwisha ondolewa, feni yavuma, kope ni nzito. Huambiwa, "Baba, ni ile habari tuliyokwisha sema." Naye huitikia, "Naam, naam." Kidole huchovywa wino.

Mafakihi wametupa alama ya kutofautisha kusinzia na kulala: mwenye kusinzia huyasikia maneno ya walio karibu naye lakini hayafahamu. Alama hiyo waliiweka kwa ajili ya mlango wa udhu. Nami nauliza: ikiwa mtu huyasikia maneno wala hayafahamu, ile "naam" yake ni ridhaa ya kitu gani? Bibi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kushikwa na lepe la usingizi katika sala na alale mpaka limtoke, kwa kuhofiwa kwamba hajui, huenda akakusudia kuomba maghufira akajikuta ajilaani mwenyewe. Ikiwa maneno ya mtu na Mola wake hayaaminiki katika hali hiyo, naye Mola ajua yaliyomo kifuani, vipi yatoshe kuhamisha nyumba? Huenda karatasi ikapita kwa watu wa karatasi, kwa kuwa wao wataona alama ya kidole, hawaoni kope. Aliyeichagua saa ile ajua kwa nini aliichagua. Hapo ndipo ulipo uzembe wa walio macho, bali ni zaidi ya uzembe. Mwenye haja ya kweli na amwendee mzee asubuhi, baada ya chai, mbele ya watu wawili, amsomee taratibu, amwache alale nayo usiku mmoja.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo sijalimaliza, nalo alinitia nalo yule mzee mwenyewe. Siku ile barazani, nilipokwisha kukisoma kijikaratasi cha hospitali, nilimwomba radhi. Nikamwambia, "Ami, nisamehe, sikujua kwamba una udhuru." Alinyamaza kidogo, akakikunja kijikaratasi kile, akakirudisha katika msahafu. Akasema: "Maalim, nimekusamehe tangu siku ile. Lakini nakuuliza. Lau mkanda ungalionyesha sina kitu, presha yangu haikupanda wala haikushuka, ni mzee tu, nimekula na nimesinzia, ungalikuja?"

Nilitaka kusema ningalikuja. Ulimi haukunifuata. Hoja zote nilizoziandika hapa juu, za Bilal, na sinia moja, na damu kuelekea tumboni, ni hoja za kumtoa mzee hatiani, na ami hakuwa akiuliza kama ametoka hatiani. Alikuwa akiuliza ni nani aliyemtia. Mtu aliyesomesha watoto wa mtaa huu miaka 30, akaegemea nguzo aliyoisaidia kuijenga, akafumba macho, amefika vipi kuwa mbele ya kadhi? Nimewasomesha watu Sura ya Israi, pale alipotajwa mmoja wa wazazi au wote wawili wakifikia uzee, na makatazo ya kuwaambia hata "ah", na katika makatazo hayo haikushurutizwa kwamba mzee awe na cheti.

Sikumjibu. Tulikunywa kahawa, ikaadhiniwa alasiri, tukaenda pamoja polepole.

Darsa ya Jumamosi tumeihamisha, sasa yasomwa baada ya sala ya alasiri, na kitabu ni kile kile, mlango wa ijara. Waliozoea kuja baada ya adhuhuri kwa sababu ya kazi zao na watuambie, tuangalie namna ya kuwasomea siku nyengine. Ami amekuja mara mbili. Mara ya pili alisinzia kidogo, na yule kijana alikuwa amekaa karibu naye. Akanitazama mimi, nami nikatazama kitabu, nikaendelea kusoma.